Kabla hujapuliza rangi chini ya boneti ya Mustang ya zamani

Wenye Ford Mustang za 1965 hadi 1970, mkishashusha injini msikimbilie msasa. Osha grisi kwanza, kwa sabuni ya kukata mafuta na brashi ngumu, mara mbili au tatu. Ukisugua msasa juu ya grisi unaikandamiza ndani ya mikwaruzo, na rangi mpya itajaa vitundu kama uso wenye ndui.

Halafu nenda chini ya betri, mbele upande wa abiria. Hapo asidi imekuwa ikilamba bati kwa miaka zaidi ya hamsini. Mimina maji ya magadi. Yakitoa povu, asidi ingalipo. Endelea mpaka povu liishe, suuza, kausha, ndipo ukwangue kutu hadi uone bati jeupe. Ukibonyeza kwa bisibisi ikazama, hapo ni kuchomelea, si kupaka puti.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye bati la ndani la fenda, upande wa dereva. Isugue kwa mkono tu, taratibu, na praima iwe nyembamba. Namba isiyosomeka itakusumbua siku ya kuuza.

Rangi yenyewe ni nyeusi ya mng'ao wa kati, hata kama bodi ni nyekundu au nyeupe. Nyeusi inayong'aa kama kiatu cha harusi siipendi: kiwandani haikuwa hivyo, na kila kibonyeo kinaonekana.

Mafuta ya breki yajaze mwisho kabisa. Tone moja la DOT 3 linababua rangi mbichi.