Umealikwa kwenye tamasha la michezo ya mezani: jinsi ya kujiandaa na kuiendesha meza yako

Mbunifu wa michezo ya mezani akipata mwaliko wa tamasha kubwa, kinachomjia kwanza kichwani ni hotuba: nitasema nini jukwaani? Nakusihi uanze na meza. Waliokata tiketi wamekuja kucheza. Watakukumbuka kwa ile robo saa uliyokaa nao, kete zikiwa mikononi mwao, na hata hotuba nzuri haiwezi kushindana na hilo.

Kwetu mgeni wa shughuli hukalishwa meza kuu akasubiri zamu ya kuhutubia. Kwenye matamasha haya mgeni yuko kazini tangu milango inapofunguliwa, na hilo ndilo linalonifanya niyapende.

Hatua ya 1: Jua unakwenda wapi

Matamasha hayafanani. Gen Con ya Marekani ilianza mwaka 1968 Lake Geneva, Wisconsin, na tangu 2003 iko Indianapolis. Huko vipindi vya kucheza husajiliwa mapema na wachezaji hukata tiketi, kwa hiyo unajua watakuja wangapi na watakaa muda gani. SPIEL ya Essen, Ujerumani, iliyoanza 1983 na kufanyika kila Oktoba, ni maonyesho ya wachapishaji: watu hupita banda hadi banda, mtu anakaa, anacheza kidogo, ananunua au anakwenda zake. UK Games Expo ya Birmingham, iliyoanza 2007, ina mabanda, mashindano na kumbi za kucheza kwa uhuru. Nigeria kuna AB Con, tamasha la michezo ya mezani la Kenechukwu Ogbuagu na kampuni yake ya NIBCARD Games, na ukiwa Mwafrika unayebuni michezo, hapo utakutana na wenzako wenye shida zilezile za uchapaji na usambazaji. NAICCON ya Nairobi ni ya vibonzo, mavazi ya wahusika na michezo ya video, hivyo meza yako itashindana na muziki na taa.

Mchezo wa saa mbili unafaa Indianapolis kwenye kipindi chenye tiketi. Bandani Essen utakaa na watu wanne huku mia wakikupita.

Hatua ya 2: Uliza kila kitu kwa maandishi

Nani analipa nauli na malazi? Kuna posho? Meza ni yako siku nzima au kwa saa? Utapewa msaidizi? Unaruhusiwa kuuza nakala? Mwandaaji makini hachukizwi na maswali haya.

Viza ishughulikie mara tu mwaliko unapothibitishwa. Maombi ya viza ya Schengen, inayotumika Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasicheleweshwe kupita siku 15 kabla. Ya Uingereza hufunguliwa miezi mitatu kabla. Na zingatia hili: mwenye viza ya kawaida ya kutembelea Uingereza haruhusiwi kuuza bidhaa moja kwa moja kwa umma. Zungumza mapema na mchapishaji au muuzaji wa huko auze nakala zako bandani kwake, wewe ubaki kuonyesha mchezo.

Hatua ya 3: Ufupishe mchezo wako

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nawaona wabunifu wengi wazuri wakikwama, kwa sababu wanaupenda mchezo wao mzima.

Tazama wazee wa bao walivyofanya. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo kamili huanza kwa kunamua, yaani kuingiza kete moja moja: kila mchezaji ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi, huku nyumba, lile shimo maalumu, ikiwa na masharti yake ambayo hata mchezaji wa miaka mingi hubishania barazani. Huwezi kumwaga yote hayo kwa mtu aliyeketi mara ya kwanza. Ndiyo maana kuna bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, hakuna kunamua, mtu anaanza kusambaza na kula papo hapo. Baada ya mizunguko michache ameonja utamu wenyewe, yaani kuona kete zikizunguka ubao kwa uamuzi wake mmoja. Masharti mengine atayadai mwenyewe.

Fanya hivyo kwa mchezo wako. Jiulize: ni uamuzi gani mmoja unaomfanya mchezaji ainame mezani na kukuna kichwa? Huo usiuguse. Ondoa maandalizi marefu, ondoa kadi za hali adimu, anzia katikati ya mchezo rasilimali zikiwa zimeshagawiwa. Lengo ni dakika 15 kuanzia anapoketi hadi anapojua nani ameshinda. Kisha mwombe jirani au mpwa asiyewahi kuuona aucheze huku wewe umekaa kimya, na andika kila swali analouliza. Swali linalorudiwa na watu watatu ni kasoro ya maelezo yako, irekebishe kabla ya safari.

Hatua ya 4: Pakia kwa akili

Beba nakala mbili, moja kwenye mkoba wa mkononi. Kadi zivishwe mifuko yake, vipande vitengwe kwa rangi, na kitambaa cha kutandika meza kisikose, kwani dadu kwenye meza tupu hupiga kelele na kuruka chini. Chapisha ukurasa mmoja wa kanuni kwa herufi kubwa, kwa lugha ya wenyeji pia. Kama mchezo wako unatumia kete za mbegu, komwe kwa mfano, kumbuka mbegu hukaguliwa mipakani na zinaweza kuzuiliwa. Safiri na gololi au kete za kioo.

Hatua ya 5: Mezani

Mchezo uonekane kwa mbali. Leslie Scott, mzaliwa wa Tanganyika aliyekulia Afrika Mashariki, alipoizindua Jenga, mchezo wa kuchomoa vipande kwenye mnara bila kuuangusha, kwenye maonyesho ya London ya mwaka 1983, alikuwa na vipande 54 tu vya mbao, vitatu kila ghorofa. Mpita njia akiutazama mnara huo ukiyumba anaelewa kanuni bila kuambiwa neno. Mchezo wako huenda una mengi zaidi, lakini weka mezani kitu kinachomsimamisha mtu: ubao uliojaa, kipande kikubwa, mchezo ulio katikati.

Watu wakiketi, sema mambo matatu kwa mpangilio huu: sisi ni nani katika mchezo huu, mtu anashindaje, na zamu yako unafanya nini. Kisha mpe wa kwanza acheze. Kanuni nyingine itamke inapohitajika, siyo kabla. Wape wao wagawe kadi na kupanga vipande, maana mkono ulioshika kitu hauondoki haraka.

Usicheze kushinda. Ikibidi ujaze nafasi, cheza kwa uwazi ukisema kwa sauti unachofikiria, ili wajifunze kufikiri kwa namna hiyo. Mtu akifanya kosa linaloruhusiwa na kanuni, mwachie. Akivunja kanuni, mrekebishe kwa upole bila kumrudisha nyuma zamu tatu. Na yule aliyesimama pembeni akitazama kimya, kama watazamaji wa barazani, mwite kwa heshima: "Karibu, zamu inayofuata ni yako."

Atakayekuletea mchezo wake umshauri, mpe muda. Usipoweza kuucheza, mwombe akuonyeshe zamu moja tu, umweleze ulichofurahia na ulichokosa kuelewa. Ukiombwa kusaini sanduku, uliza tahajia ya jina na utumie kalamu ya wino usiofutika, kisha liache likauke kabla ya kulifunga.

Hatua ya 6: Jukwaani

Andaa mifano miwili ya maamuzi uliyofanya katika ubunifu, na kwa kila uamuzi eleza mchezo ulikuwaje kabla na ulikuwaje baada. Inatosha.

Hatua ya 7: Wachapishaji

Miadi iombe wiki kadhaa kabla, kwa sababu nafasi hujaa. Beba karatasi moja: picha ya mchezo mezani, idadi ya wachezaji, umri, dakika, orodha ya vipande, na sentensi mbili kuhusu ule uamuzi wa hatua ya tatu. Mkataba usisaini siku hiyo. Sema utausoma nyumbani, na usome kweli, hasa sehemu ya mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, na ya lini haki zitarudi kwako wakiacha kuuchapa.

Hatua ya 8: Jioni na baadaye

Kila jioni kabla ya kulala andika ulichoona: wapi watu walicheka, wapi walishika simu, kanuni gani uliirudia hadi sauti ikakauka. Ukirudi, waandikie waandaaji, msaidizi wako na wachapishaji uliokutana nao ndani ya wiki moja. Kanuni uliyoirudia zaidi, ibadilishe kabla ya kuchapa nakala nyingine.