Jinsi ya kutambua toleo la mchezo wa Middle-earth ulilonalo

Ukipata kitabu kilichotumika cha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika katika Middle-earth, ulimwengu wa kubuniwa wa mwandishi J.R.R. Tolkien, usikiamini kichwa cha jalada. Fungua ukurasa wa hakimiliki usome jina la mchapishaji kwanza, mwaka baadaye. Leseni ya mchezo huu imehama kampuni mara kadhaa, na kanuni hazikuhama nayo.

Ukiona Iron Crown Enterprises, kampuni ya Marekani, umeshika enzi ndefu kuliko zote. Hapa wengi huteleza: vitabu vyake vya mwanzo, kama Angmar cha 1982, vilitangulia mchezo wenyewe, Middle-earth Role Playing, uliotoka 1984. Kwa hiyo kitabu cha 1982 si cha kanuni, ni cha maeneo na visa. Toleo la pili la kanuni ni la 1993. Leseni ilikoma 1999, na bila leseni mchapishaji hana ruhusa ya kuchapa tena. Ndiyo maana vitabu hivi hupatikana mitumba tu.

Kampuni ya Decipher ilitoa mchezo wake mwaka 2002. Cubicle 7 ikafuata na The One Ring, 2011, kisha Free League ya Sweden ikatoa toleo la pili la huohuo. Mtu akikuambia "toleo la pili" bila kutaja kampuni, muulize: la 1993, au la The One Ring?

Ukurasa wa hakimiliki ukiwa umechanika, tafuta dadu kwenye kanuni. Iron Crown hutumia dadu mbili za pande 10, moja ikihesabu makumi na nyingine mamoja, kupata 1 hadi 100. Decipher hutumia mbili za pande 6. The One Ring hutumia moja ya pande 12 pamoja na kadhaa za pande 6. Ukikuta ya pande 20, huenda ni Adventures in Middle-earth, ya Cubicle 7 vilevile, 2016.

Ukitaka kuchanganya matoleo, ramani huhamishika bila taabu. Takwimu za wahusika zitupe, uziunde upya. Kinachovuruga kabisa ni tarehe. Vitabu vingi vya Iron Crown vimewekwa karibu na mwaka 1640 wa Enzi ya Tatu, kipindi cha kalenda ya kubuniwa ya Tolkien, The One Ring ya kwanza huanza 2946, na ya Free League 2965. Mwaka 1640 Moria, makao ya chini ya milima, bado inakaliwa na mbilikimo, maana waliikimbia 1981. Ngome ya Minas Ithil bado ni ya ufalme wa Gondor, maana ilitekwa 2002 ya kalenda hiyohiyo. Na Gondor bado ina mfalme. Kabla ya kuingiza mji wowote kwenye kampeni yako, yaani mfululizo wa visa mnavyocheza, andika pembeni mwa ramani mwaka wa kitabu ulikotoka, kisha ufute kila mtawala na kila ngome ambayo mwaka wako hauwezi kuwa nayo.