Somo: Kununua fleti ya zamani Kariakoo, Ilala na Upanga bila kuuziwa upangaji

Wakuu, naliweka somo hili hapa ili niwe naelekeza watu, maana ujumbe ni uleule kila mara: "Nimepata fleti ya zamani Kariakoo, bei nzuri, nifanyeje?" Tangu mwendokasi uanze 2016 na treni ya SGR ianze kubeba abiria 2024, wengi wanaofanya kazi mjini wanayatazama upya maghorofa ya zamani ya Ilala, Gerezani, Kariakoo na Upanga. Nawaelewa. Vyumba ni vipana, dari liko juu, na kazini unafika kwa miguu. Lakini pesa ya watu haipotelei kwenye bomba linalovuja. Inapotelea kwenye karatasi.

1. Piga hesabu ya pesa yote, si bei ya fleti tu. Kuna wakili, mthamini, ushuru wa stempu unaokaribia asilimia 1, na matengenezo.

2. Kaione mchana, kisha urudi usiku. Ukiweza, nenda pia siku ya mvua kubwa.

3. Jua unauziwa nini. Hapa naomba usome taratibu.

Kuna fleti yenye hati yake yenyewe. Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya 2008 inaruhusu kila fleti iwe na hati, na mwenye hati hiyo ana fungu pia kwenye ngazi, paa, uwanja na vyote vinavyotumika kwa pamoja. Hiyo ndiyo ya kutafuta. Kuna jengo lenye hati moja tu, na fleti zake zinauzwa kwa mkataba wa kuandikishana. Hapo umenunua ahadi ya mwenye hati: akikopea jengo zima benki, na fleti "yako" imo kwenye rehani. Halafu kuna inayoumiza watu wengi zaidi: fleti ni ya Shirika la Nyumba la Taifa, anayekuuzia ni mpangaji, na anachodai ni kilemba, yaani pesa ya kukupisha uingie kupanga badala yake. Kilemba hakikupi umiliki hata wa tofali moja. Mwenye nyumba anabaki kuwa Shirika, na Shirika lina sera ya ubia ya kuondoa majengo yake ya zamani na kujenga mapya. Ukikuta tangazo limeandikwa "nauza haki ya kukaa" au "nyumba ya Msajili", yaani ya Shirika, tambua hakuna nyumba inayouzwa hapo.

Na hata hati ikiwepo, tazama jina. Shangazi yangu alionyeshwa hati halisi, safi kabisa, yenye jina la baba wa muuzaji. Mzee alishafariki. Muuzaji alikuwa mtoto mkubwa, ana funguo, wapangaji wote wanampa yeye kodi, majirani wanamheshimu. Shangazi akatoa malipo ya awali. Ndugu wengine waliposikia, wakaweka zuio, na kesi ikamzeesha mama wa watu. Kwa hiyo: kuwa mtoto mkubwa si usimamizi wa mirathi. Mwenye jina akiwa amefariki, dai barua ya usimamizi kutoka mahakamani na ridhaa ya warithi. Akiwa hai na ana mke au mume, dai ridhaa ya mwenzi wake kwa maandishi. USITOE hata "hela ya kushikia" kabla ya hapo. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba mlifika ofisini kwake. Hauhamishi umiliki.

4. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Afanye wakili wako, si wa muuzaji, na picha ya hati kwenye simu haitoshi. Angalia jina, rehani, zuio, na miaka iliyobaki. Hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028, na bei lazima ilijue hilo.

5. Peleka mhandisi aliyesajiliwa. Fundi rangi hatoshi.

6. Uliza madeni: maji, pango la ardhi, michango ya jengo. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, hivyo jua ni mita ipi inalipia nini.

7. Mkataba kwanza, kisha malipo kwa benki. Usibebe fedha taslimu kwenye bahasha.

8. Uthamini, kodi ya faida ya mauzo TRA, uhamisho kwa Msajili wa Hati. Kodi ya faida ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Iandikwe kwenye mkataba kwamba ni yake, maana mwisho wa safari huwa anataka kukusukumia wewe.

MASWALI

Kijana wa Buguruni: Mkuu somo zuri, ila sijasoma lote. Fleti Upanga ni bei gani?

Jibu: Somo halihusu bei. Soma.

Mama Nasra: Asante sana kaka. Nimeambiwa fleti ni ya kilemba lakini familia ile imekaa tangu miaka ya sabini. Inawezekanaje wakae hivyo na isiwe yao?

Jibu: Swali zuri dada. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia, hasa katikati ya mji. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majengo, na ndiyo maana wazee bado wanasema "nyumba ya Msajili". Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba, lililoanzishwa 1962. Kwa hiyo babu alipanga, baba akaendelea kupanga, na mjukuu anapanga. Wameishi pale kihalali, lakini kwa mkataba wa upangaji, na wao hawana cha kukuuzia. Nenda ofisi ya Shirika ya mkoa na namba ya fleti, uulize jina la mpangaji na kama kuna deni. Hiyo ni safari ya asubuhi moja.

Dalali Mzalendo: Unaharibia watu riziki. Kilemba kipo miaka yote na watu wanakaa vizuri tu.

Jibu: Anayetaka kupanga kwa kilemba na anajua anapanga, sina neno naye. Nimeandika kwa ajili ya anayeambiwa amenunua. Kama wewe unawaambia wateja ukweli huo, somo hili halikugusi.

Fundi Ally: Mhandisi ni gharama. Mtu wa kawaida ataonaje mwenyewe kwamba jengo limechoka?

Jibu: Mhandisi bado utamlipa, ila unaweza kujichujia kabla ya kumwita. Anza kwenye balkoni, maana huko hewa ya bahari hufika kwanza, kisha chini ya ngazi. Tafuta ufa unaokwenda mstari mmoja na nondo, na doa la rangi ya kutu. Gonga zege kwa mpini wa nyundo: likilia tupu, limeachana na nondo, kwa sababu nondo ikishika kutu hunenepa na kulisukuma zege nje. Halafu shuka chini kwenye maduka. Kuna mtu amevunja ukuta au kuchonga nguzo apate fremu kubwa zaidi? Kuna anayechimba chini? Mnakumbuka jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Fleti yako ya ghorofa ya tatu inaweza kuwa imepakwa rangi vizuri, lakini inasimama juu ya nguzo za watu wengine.

Kijana wa Buguruni: Sasa nimesoma. Kwenye hatua ya 4, wakili wa muuzaji akinipa majibu ya upekuzi si ni yaleyale?

Jibu: Si yaleyale, maana yeye anamtumikia muuzaji. Tafuta wako. Na ahsante kwa kurudi kusoma.

Salma, Muscat: Assalaam alaykum. Mimi Mtanzania, niko Oman. Naweza kumtumia mdogo wangu pesa aninunulie?

Jibu: Waalaykum salaam dada. Unaweza, lakini mpe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa ubalozini, itaje fleti hiyo na mipaka ya anachoruhusiwa kufanya. Jina kwenye mkataba na kwenye hati liwe lako. Pesa iende kwenye akaunti iliyotajwa ndani ya mkataba, isipitie mfukoni mwa mtu. Hii inamlinda mdogo wako pia, undugu usije ukavunjika.

Mpangaji Gerezani: Naongezea: ulizeni maji. Kwetu tangi liko juu, pampu ni moja, na ghorofa ya mwisho wanaoga usiku wa manane.

Jibu: Kweli kabisa. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, saa moja asubuhi. Uliza pampu inatumia LUKU ya nani na chama cha wamiliki kinakusanya shilingi ngapi kwa mwezi. Wakikuonyesha daftari la michango na la vikao, hilo jengo lina wenyewe. Wasipokuwa nalo, weka kwenye hesabu yako tangi lako mwenyewe, na uulize kwanza kama paa linaruhusu uzito huo.