Maji ya Masika na Baiskeli ya Chuma

Kila masika, Machi hadi Mei, baiskeli zinazoshuka na ndizi kutoka Uru na Kibosho huletwa kwangu mimi fundi hapa Pasua, Moshi, na ugonjwa uleule. Mwenyewe analalamikia cheni. Mimi nainyanyua, naitikisa, nasikia maji yakicheza ndani ya fremu.

Cheni kila mtu anaiona, ndiyo maana kila mtu anaipaka oili. Maji mabaya ni hayo ya ndani. Hupenyea pale bomba la siti linapoingia kwenye fremu, yakateremka hadi kwenye gololi za ekseli ya pedeli, chini kabisa ya fremu, yakatulia. Huko hakuna jua wala upepo, basi kutu hula chuma taratibu huku rangi ya nje bado inang'aa.

Chora alama ya urefu wa siti kwa msumari, legeza nati, chomoa siti na bomba lake, kisha pindua baiskeli. Ilale hivyo usiku kucha, ndani ya nyumba. Chini ya ekseli ya pedeli fremu nyingine zina kitundu. Kizibue kwa waya. Asubuhi mimina vijiko viwili vya oili mpya ya injini ndani ya fremu, uiinamishe huku na huku isambae. Bomba la siti lipake grisi, usipopaka mwakani utalitoa kwa nyundo. Kabla ya kulirudisha livishe kipande cha tyubu kuukuu, upana wa vidole vitatu, ukishushe kifunike maungio kama soksi. Pedeli zikizunguka kwa kukwaruza, hapo ni kufungua, kuosha gololi na kuweka grisi mpya. Hamna njia ya mkato.

Cheni yenyewe ni kazi ndogo: brashi na mafuta ya taa, ikauke, tone la oili kila pini, zungusha pedeli kinyumenyume, halafu futa inayobaki nje. Oili chafu ya gari siipendi hata ikiwa ya bure, imebeba chembe za chuma tayari, na kiangazi inakusanya vumbi lote la njiani. Mafuta ya kupikia yananata. Rimu usiiguse kwa mafuta ya aina yoyote kama bado unataka breki.

Kutu kwenye kromu isugue kwa foili iliyolowa maji, inatoka. Rangi ikibanduka kidogo, piga msasa laini, futa pakauke, ziba kwa rangi ya kucha. Vijana wa kuosha magari wasiielekezee baiskeli yako mashine ya presha. Inasukuma maji hadi kwenye gololi. Ndoo na kitambaa vinatosha.

Kuihifadhi ndiko wengi wanakoharibu. Stoo yenye mifuko ya mbolea ya chumvichumvi inaozesha chuma hata bila mvua, na turubai lililofungwa juu ya baiskeli mbichi linafungia unyevu humohumo. Ining'inize kwenye boriti penye hewa. Sebuleni ni pazuri zaidi, ila hilo mkubaliane na mama watoto.