Namna ya kumpima mtoboa siri kabla hujampa jina

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu hapa Kigoma. Siku moja alirudi na karatasi yenye hoja ya mdahalo: "Edward Snowden ni shujaa, si mhalifu." Snowden ni yule Mmarekani aliyetoa hadharani siri za ujasusi wa nchi yake mwaka 2013. Mwalimu wake alikuwa anatafuta mzee wa kukaa meza ya majaji, kijana akamtaja bibi yake kwa sababu moja tu, kwamba bibi aliwahi kuwa opereta wa simu. Nikakubali. Wiki nzima nilikuwa nachambua dagaa huku nawaza, na utaratibu niliofika nao ukumbini nauandika hapa kwa mwalimu, mwenyekiti wa klabu, au mtu wa kijiwe cha kahawa pale Mwanga anayetaka kulibishania jambo hili bila watu kurushiana vikombe.

Anza kwa kuyaondoa mezani maneno yote mawili. Shujaa weka pembeni, mhalifu weka pembeni. Ukiyaacha, kila msemaji atalikumbatia lake na hakuna atakayemsikia mwenzake mpaka kengele ilie. Mtu mwenyewe mtafutie jina lisilomhukumu. "Msaliti" limeshamfunga, na "mpiga filimbi", tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza whistleblower, mimi linanikumbusha refa. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu hao inasema "mtoa taarifa". Mimi natumia mtoboa siri: siri ilikuwepo, kaitoboa, basi. Kama ilistahili kutobolewa, ndicho mlichokutania.

Kisha chukua karatasi mbili. Ya kwanza andika "Alivunja sheria?" na ya pili "Alifanya vema?" Zisichanganywe. Karatasi ya kwanza ni fupi, ipe dakika mbili. Snowden alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Booz Allen Hamilton, akifanya kazi za shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, huko Hawaii. Mwezi Mei 2013 akapanda ndege kwenda Hong Kong na nyaraka za siri, akawapa waandishi wa habari. Mwezi uliofuata akafunguliwa mashtaka matatu: wizi wa mali ya serikali, na mawili chini ya Sheria ya Ujasusi ya 1917. Kila shtaka kifungo chake kinafika miaka 10. Kwamba alitoa nyaraka hakatai, na sheria ile haiulizi kwa nini ulitoa. Wakumbushe tu vijana kwamba kushtakiwa si kuhukumiwa, maana hakuna mahakama iliyokwishamsikiliza. Funga karatasi ya kwanza.

Ya pili ndiyo yenye kazi.

Kwanza hakikisheni mnajua siri yenyewe ilikuwa nini. Nimesikia watu wazima wakisema "Wamarekani walikuwa wanasikiliza simu za dunia nzima", na hapo mdahalo unapotea. Waraka wa kwanza, uliotoka kwenye gazeti la The Guardian tarehe 5 Juni 2013, ulikuwa amri ya mahakama ya siri ikiiagiza kampuni ya simu ya Verizon iipe NSA, kila siku, kumbukumbu za simu za wateja wake: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, na muda wa mazungumzo. Maneno yaliyosemwa hayakuwemo. Wataalamu wanaita metadata. Sisi tuliita tiketi.

Ubao wangu ulikuwa na matundu safu kwa safu. Mteja akizungusha mkono wa simu yake, kijifuniko kidogo juu ya tundu lake kinadondoka: tik. Nachomeka kamba, nasema "Namba, tafadhali", nachomeka kamba ya pili anakotaka, kisha navuta tiketi. Ni kijikaratasi kisichozidi kiganja. Unaandika nani kapiga, kapiga wapi, kaanza saa ngapi, kamaliza saa ngapi. Zikitimia dakika tatu unaingia: "Dakika tatu tayari, unaendelea?" Walichoongea hakiandikwi popote.

Sasa kulikuwa na mfanyabiashara wa mafuta ya mawese. Miezi na miezi tiketi zake zilikuwa za Tabora na Dar es Salaam, mchana, dakika tatu tatu. Ghafla zikaanza kwenda hospitali, asubuhi na mapema. Halafu kwa kaka yake, usiku, dakika tisa. Halafu kwa mtu ambaye mji mzima ulijua ananunua malori yaliyotumika. Neno lake hata moja sikulisikia. Lakini nilijua anaumwa na anauza mali, na nadhani nilijua kabla ya mkewe.

Kwa hiyo fanya zoezi hili kabla ya siku ya mdahalo, na usiliruke, lina faida kuliko hotuba yoyote. Kata karatasi ndogo. Kila mwanafunzi amtunge mtu asiyekuwepo na kumwandikia tiketi kumi za wiki moja, bila mazungumzo. Simu zao za kweli zisiguswe. Wabadilishane, na kila mmoja aeleze maisha ya mtu aliyepewa. Darasani kwa mjukuu wangu binti mmoja alisoma tiketi kumi akasema, "Huyu ana deni, na anamkimbia aliyemkopesha." Mwenye kuzitunga alishika mdomo. Tangu hapo hakuna aliyesema tena kwamba "ni namba tu".

Atatokea wa kusema hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini. Mjibu kwa upole. Mwaka 2014 tovuti ya habari ya The Intercept, kwa kutumia nyaraka za Snowden, waliandika kwamba Kenya ilikuwa kwenye orodha ya nchi ambazo taarifa za simu za mkononi zilikusanywa, na kwamba Bahamas yalirekodiwa hadi mazungumzo yenyewe. Kenya si mbali.

Baada ya siri, uliza kuhusu milango. Nyumba ikifuka moshi, je, aligonga mlango wa ndani kabla ya kupiga kelele barabarani? Snowden anasema alilalamika kwa wakubwa. NSA walitoa barua pepe moja tu ya Aprili 2013, nayo inauliza swali la kisheria, hailalamiki. Wapinga hoja watang'ang'ania hapo, na waache wang'ang'anie. Lakini watetea hoja wawe wamesoma habari za Thomas Drake, wa NSA huyo huyo. Yeye alipita milango yote: wakubwa wake, mkaguzi wa wizara ya ulinzi, kamati za bunge. Mwisho akaongea na mwandishi wa habari, na mwaka 2010 akashtakiwa kwa makosa kumi. Mwaka uliofuata kesi ikaporomoka ikabaki kosa dogo la matumizi ya kompyuta, lakini kazi ilishakwenda. Snowden alikuwa akiyaona hayo. Na waongeze hili: Machi 2013 mkuu wa ujasusi wa Marekani, James Clapper, aliulizwa hadharani na seneta kama NSA inakusanya taarifa za mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana. Mlango wa bunge ulikuwa wazi, na aliyesimama mlangoni akasema uongo.

Halafu chujio. Anayetoboa siri anamwaga ndoo nzima au anachuja? Snowden aliwaachia waandishi waamue kipi kichapwe, na hilo lihesabiwe kwake. Mfano mzuri ni zile habari za Bahamas: The Intercept walificha jina la nchi moja iliyorekodiwa kwa kuhofia damu kumwagika, na siku chache baadaye WikiLeaks, tovuti ya kuchapisha nyaraka za siri, wakaitaja, Afghanistan. Waulize vijana nani hapo alikosea. Watagawanyika, na ndiyo raha yake. Lakini upande wa pili nao una lake. Akiwa Hong Kong, Snowden aliliambia gazeti la huko kuhusu kompyuta za China zilizodukuliwa na NSA. Haki ya raia wa Marekani ilikuwa wapi katika hilo? Mimi sikuiona, na majaji wenzangu nao hawakuiona.

Matokeo yapime kwa hukumu za mahakama na sheria zilizobadilika, kelele za mitandaoni ziacheni. Tarehe 7 Mei 2015 mahakama ya rufaa ya New York ilisema ukusanyaji ule ulivuka mipaka ya sheria iliyotajwa kuuruhusu. Mwezi Juni mwaka huo sheria mpya ikaziacha tiketi kwa kampuni za simu. Mwaka 2020 mahakama nyingine ya rufaa ikasema vivyo hivyo katika kesi ya dereva wa teksi wa San Diego, mzaliwa wa Somalia, aliyetuhumiwa kuwapelekea fedha al-Shabaab. Hukumu yake haikufutwa, ila mpango ulionekana ulikuwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo aliyevunja sheria ndiye aliyeonyesha serikali inavunja sheria. Karatasi zako mbili hapo zinagusana, kuwa mwangalifu.

Kuhusu kukimbia nitasema kidogo. Daniel Ellsberg, aliyetoa nyaraka za vita ya Vietnam mwaka 1971, alijisalimisha Boston na kusimama kizimbani, na mwaka 1973 kesi ikafutwa kwa sababu serikali yenyewe ilicheza mchafu, mpaka watu wake kuvunja ofisi ya daktari wake. Snowden hati yake ya kusafiria ilifutwa, akakwama uwanja wa ndege wa Moscow wiki kadhaa, na tangu 2022 ni raia wa Urusi. Vijana wanapenda kubishana hapa kwa sababu ni rahisi. Mtunza muda awape dakika tano, asiongeze.

Mwalimu, kuna neno la nyumbani pia, na liseme wewe mwenyewe. Katiba yetu, ibara ya 16 na ya 18, inalinda mawasiliano binafsi ya mtu. Tunayo pia sheria ya usalama wa taifa ya 1970 kuhusu nyaraka za siri, na ile ya 2015 inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Gazeti si mamlaka husika. Asitoke mtoto ukumbini akidhani bibi amemruhusu kupiga picha faili la mtu.

Siku yenyewe piga kura mara mbili, kabla na baada, na nusu saa kabla ya kuanza wabadilishe pande. Watakununia. Mjukuu wangu alikuwa ameandaa kurasa sita za ushujaa akajikuta anamshtaki Snowden, na alimshtaki vizuri kuliko alivyokuwa anataka kumtetea.

Jaji naye atoe lake mwisho, asijifiche. Langu lilikuwa hili: simu za watu zilistahili kutobolewa siri, ya China hayakustahili, na kesi ningependa isikilizwe, ila mbele ya mahakama inayoruhusiwa kuuliza kwa nini. Nikawaeleza na kisa cha kituo kimoja nilichofanyia kazi, nisichokitaja. Mkubwa wetu alianza kudai tiketi za mteja mmoja. Si za wote, za yule tu, kila Ijumaa jioni, ndani ya bahasha. Sababu hakuisema. Sisi tulikuwa tumekula kiapo cha kutunza siri za ofisi na siri za wateja, kiapo kimoja, sentensi moja. Mwenzangu tuliyekuwa tukipokezana zamu akamwendea mteja usiku kwa baiskeli akamwambia. Kabla mwezi haujaisha mwenzangu hakuwa na kazi. Snowden naye amekuwa akisema kiapo chake kilikuwa kwa katiba, karatasi ya usiri ilikuwa mkataba tu. Niliposoma hayo nilimkumbuka mwenzangu na baiskeli yake.

Acha dakika kumi za maswali kwa majaji. Mimi nilidhani wataniuliza kuhusu Urusi. Binti yule yule wa deni akasimama, akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba.

"Bibi, hizo bahasha za Ijumaa, nani alikuwa anazijaza?"

Nikamwambia, mimi. Ilikuwa zamu yangu.