Swiiti katikati ya Mwanza: ulizia kwanza mlango wa katikati

Neno swiiti limeshachoka mjini. Hoteli ikiwa na chumba kipana kilichowekwa kochi na meza ya kioo, tayari kinaitwa swiiti na bei inapanda. Swiiti kamili ni vyumba viwili: sebule upande mmoja, chumba cha kulala upande wa pili, na katikati ukuta wenye mlango unaofungwa. Ile wanayoiita "junior" kwa kawaida ni chumba kimoja kikubwa ambacho kochi limesogezwa pembeni. Si kibaya, ila usikilipie bei ya vyumba viwili.

Huo mlango ndio unaoulipia. Mtu mmoja aliyekuja kulala na kuondoka hana haja nao, achukue chumba cha kawaida abaki na pesa yake. Swiiti inamfaa mwenye watu. Mwanza watu hawakosekani: ndugu waliomsindikiza mgonjwa hospitali ya Bugando na jioni wanataka pa kukaa wakashauriane, familia iliyoleta posa, bibi harusi na wapambaji wake, mzazi mwenye mtoto anayelala saa mbili huku yeye bado ana kazi kwenye kompyuta. Mlango ukifungwa, shangazi anaendelea na mazungumzo sebuleni na mgonjwa aliyeruhusiwa jana analala.

Basi kabla ya kulipa, usiulize "mna swiiti?" Utaambiwa ipo. Tuma ujumbe ulionyooka, kwa mfano huu:

"Habari za kazi dada. Naomba kuuliza kuhusu swiiti ya tarehe 14 hadi 16. Je, sebule na chumba cha kulala vimetenganishwa kwa mlango? Choo ni kimoja au viwili? Viyoyozi viko pande zote mbili? Umeme ukikatika, jenereta inabeba viyoyozi au taa tu? Kifungua kinywa ni cha watu wangapi? Bei ni pamoja na VAT? Naomba na picha ya huo mlango. Asante."

Ombi la picha ya mlango linawachekesha watu wa mapokezi, lakini jibu lake halidanganyi. Swali la choo nalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Choo kikiwa kimoja na kimo ndani ya chumba cha kulala, kila mgeni wa sebuleni atapita kando ya kitanda chako, na faida ya mlango inaishia hapo.

Kuhusu upande wa jengo. Ziwa liko magharibi ya katikati ya mji, kwa hiyo vyumba vinavyotazama ghuba na Jiwe la Bismarck ndivyo vinavyopigwa na jua la alasiri. Kuanzia saa tisa hivi kioo kinapokea joto hadi magharibi. Mandhari ni ya kupendeza, hakuna ubishi, ila kiyoyozi cha upande huo kiwe kizima, na mapazia yawe mazito. Vyumba vya upande wa barabara, iwe Kenyatta, Nyerere au Makongoro, vinaamshwa na honi mapema. Ghorofa ya juu kabisa iulizie mara mbili: hoteli nyingi za mjini huweka baa au mgahawa juu ya paa, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi spika zinakuwa juu ya dari lako. Ghorofa mbili tatu chini ya hapo panatosha. Na kama una mzee anayeumwa magoti, omba ghorofa ambayo ataweza kuipanda kwa miguu siku lifti ikigoma.

Saa za kuingia na kutoka zinakosesha wengi kwa sababu ya tarakimu. Programu za kuhifadhi vyumba zikiandika 14:00, ni saa nane mchana. 10:00 ni saa nne asubuhi. Hoteli nyingi za hapa huruhusu kuingia saa nane na kutaka utoke saa nne. Tatizo ni kwamba wasafiri wa kanda hii hufika mapema. Meli ya MV Victoria kutoka Bukoba husafiri usiku na kufika asubuhi. Wanaotoka Geita na Sengerema walikuwa wakisubiri kivuko cha Kigongo, lakini tangu Juni 2025 wanapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi na wanaweza kuwa mjini kabla hata chai haijaandaliwa. Ukijua utafika saa moja asubuhi, ama lipia usiku uliotangulia, ama omba kwa maandishi chumba mapema na ujue kitakugharimu kiasi gani. Kuweka mizigo mapokezi ni bure karibu kila mahali, ila hakukupi pa kuoga.

Uwanja wa ndege uko Ilemela, kama kilomita 10 kaskazini mwa mji. Bei ya gari la hoteli iulize kabla ya kupanda ndege, si baada ya kushuka.

Ukishakabidhiwa kadi ya mlango, tumia dakika kumi za mwanzo kabla ya kufungua begi, kwa sababu nguo zikishatoka hakuna anayehama chumba.

Anza na maji. Fungua shawa na bomba la sinki kwa pamoja; maji yakinyong'onyea, pampu au tanki la juu lina tatizo, na asubuhi wageni wote wakioga itakuwa mbaya zaidi. Tafuta swichi ya hita, mara nyingi iko nje ya mlango wa bafu, ina taa nyekundu. Hita ya tanki la lita 50 inahitaji karibu saa moja kuchemka na inatosha watu wawili watatu wasiojisahau chini ya maji. Familia ya watu watano ioge kwa zamu, wengine usiku, wengine asubuhi.

Kisha washa viyoyozi vyote viwili na uviache vifanye kazi. Cha sebuleni ndicho huwa kibovu, maana wageni wengi hawakitumii na fundi haitwi. Angalia kama maji yanadondokea ndani: hiyo ni njia ya maji ya kiyoyozi imeziba, na kufikia usiku wa manane zulia litakuwa limelowa.

Sasa chomoa kadi kwenye kile kisanduku cha ukutani kinachowasha umeme, subiri taa zizime, halafu fungua friji. Taa ya friji ikiwaka, vizuri. Ikiwa imezimika, maana yake friji inategemea kadi, na kila ukitoka kwenda mjini vilivyomo vinapata joto. Kwa soda si hoja. Kwa insulini au maziwa ya mtoto ni hoja kubwa: omba kadi ya pili ya kuacha ndani, au dawa itunzwe kwenye friji ya hoteli isiyozimwa.

Kisanduku cha kutunzia vitu vya thamani kijaribu mlango wake ukiwa wazi. Weka namba, geuza komeo litoke, weka namba tena lirudi. Likikataa ukiwa wazi umepata usumbufu mdogo. Likikataa pasipoti zikiwa ndani, utamsubiri meneja wa zamu na gari la uwanjani limeshafika.

Kochi la kukunjua likunjue saa hiyohiyo. Godoro lake huwa jembamba, na shuka hazipo mpaka uziombe. Mtu mzima atalilalia usiku mmoja. Siku tatu mgongo utalalamika. Kwa mtoto linafaa.

Umeme ndio unaoharibu siku za harusi. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, volti 230, na fyuzi ya ndani ya plagi kwa kawaida haizidi ampea 13. Zidisha: 230 mara 13 ni kama wati 2,990. Sasa tazama sebule ya bibi harusi saa mbili asubuhi. Ekstensheni moja imelala chini ya meza. Imechomekwa mashine ya kukaushia nywele ya wati 2,000, pasi ya wati 1,200, na mtu analeta birika la chai la wati 1,800. Hiyo ni wati 5,000 kwenye waya mmoja. Fyuzi inaungua au swichi kuu ya chumba inaanguka, na mapokezi wanadhani shirika la umeme, TANESCO, limekata. Dawa yake ni rahisi: pasi ibaki chumba cha kulala kwenye soketi ya ukutani, mashine ya nywele sebuleni, na birika lisubiri. Na kama hoteli iko kwenye jenereta, piga pasi nguo zote jana yake.

Madirisha na mlango wa baraza vifunge kabla ya adhana ya magharibi. Mbu ni sababu moja, kwa hiyo chandarua kama kipo kishushwe hata kama kiyoyozi kinavuma. Sababu ya pili ni wadudu wa ziwani, wale wanaoonekana kwa mbali juu ya maji kama moshi unaosimama. Hawaumi. Huibuka kwa wingi zaidi siku za mwezi mwandamo, na wanafuata taa. Ukiacha taa ya baraza inawaka na mlango wazi nusu saa tu, utakuta ukuta umekuwa mweusi na shuka zimejaa. Wakishaingia, zima taa za ndani, washa ya baraza, fungua mlango wafuate mwanga. Usiwapige kwa taulo. Wanaacha madoa, na taulo la hoteli lina bei yake.

Wageni wanaokuja kukusalimia wapitie mapokezi wakaandikwe. Watu wazima wengine wanaona kama wanadhalilishwa, hivyo waambie mapema kwa simu: "Baba mdogo, ukifika chini utaombwa kitambulisho, ni utaratibu tu." Uliza saa ya mwisho ya wageni, na kama kikao kitakuwa cha watu zaidi ya wanane, sema. Sebule ya swiiti si ukumbi, na wahudumu wakikuta masufuria yameletwa kutoka nyumbani watakuja na bili ya usafi. Chai ya watu kumi iagize jikoni kwa birika kubwa; mara nyingi inakuja nafuu kuliko kuhesabiwa kwa kikombe.

Bili. Tangu Machi 2025 kuna kanuni inayokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo bei ya chumba idai kwa shilingi. VAT ya kawaida ni asilimia 18, na kosa linalojirudia ni kukubaliana bei kwenye simu halafu kuiona imeongezeka kaunta. Ukiambiwa 300,000 bila VAT, kwa kiwango hicho utalipa 354,000 kwa usiku. Kwa siku tatu ongezeko hilo pekee ni 162,000. Ukilipia kwa kadi, hoteli inaweza kuzuia kiasi fulani kama dhamana, na kwa kadi ya kutolea pesa kiasi hicho hukaa kimefungwa siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Anayebana bajeti aweke dhamana kwa simu na adai irudishwe hapohapo kaunta.

Usiku wa mwisho, si asubuhi, omba bili uisome. Angalia maji ya kunywa ya friji yaliyohesabiwa ilhali chupa mbili za mwanzo ni za bure, na nguo za dobi zilizotozwa kwa huduma ya haraka ambayo hukuiomba. Kama kampuni ndiyo inalipa, wape jina lake na namba yake ya mlipakodi (TIN) kabla risiti ya mashine ya kodi (EFD) haijachapwa. Ikishatoka kwa jina lako, kuirekebisha ni safari nyingine.

Wanaoondoka Mwanza mikono mitupu ni wachache. Sato na minofu ya sangara vikinunuliwa asubuhi ya safari, hakuna tatizo. Vikinunuliwa jana yake, usiviweke kwenye friji ya swiiti: kile kisehemu chake cha barafu kinapooza tu, hakigandishi, na kesho sebule yote itanuka. Ongea na mpishi, si mapokezi. Mpelekee samaki waliokwisha parwa na kutolewa matumbo, wamefungwa mifuko miwili miwili, jina lako na namba ya chumba vimeandikwa juu, naye atawaweka kwenye friza ya jikoni. Mpe chochote cha asante. Dagaa wakavu wa soko la Mwaloni hawahitaji friza, ila wafunge ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mfuko wa kawaida haufichi harufu kwenye zulia. Kwa ndege tumia boksi la foamu lililofungwa kwa utepe wa gundi pande zote, na usijaze barafu ya maji: ikiyeyuka na kuvuja, boksi linaachwa kaunta. Samaki walioganda kama jiwe wanajitosha wenyewe hadi Dar es Salaam.

Waache jikoni mpaka dakika ya mwisho. Lipa, rudisha kadi, pakia mabegi, na teksi ikiwa imeshasimama mlangoni ndipo umtume kijana akalete boksi.