Kutoa oto na kuweka manyuo kwenye Mark II GX100: jinsi ya kuchagua giaboksi

Wiki iliyopita tumemaliza gari ya mdogo wangu wa Mbagala, GX100, oto yake ilikuwa inaslipu kila akipandisha Kimara. Tangu hapo naulizwa sana, acha niandike.

Hatua ya 1: jua injini uliyonayo
Fungua boneti usome injini yenyewe, usiamini kadi ya gari, hapa mjini injini zinabadilishwa sana. Yetu ni 1G-FE ya cc 1988. Ukikuta 1JZ, injini nyingine ya Toyota, hesabu ya giaboksi inabadilika.

Hatua ya 2: belihauzi, yaani ile kofia ya mbele inayobana kwenye injini
Hapa ndo tulipoumia. Muuzaji mmoja alituuzia W58, giaboksi ya manyuo ya Toyota, iliyotoka kwenye 1JZ, akasema Toyota kwa Toyota inaingia tu, nasi tukalipa. Jumamosi tukaanza saa 2 asubuhi, tukashusha oto, tukainua W58 kwa jeki, bolti mbili zikashika, zilizobaki hazioni hata tundu. Tukalala chini ya gari mpaka giza linaingia tukidhani tunaipandisha vibaya, kumbe 1G na 1JZ matundu yao ya nyuma ni tofauti kabisa.

Kilichotuokoa ni kwamba W58 belihauzi yake inafunguliwa kwa bolti, kwahiyo tulitafuta ya 1G peke yake tukabadilisha. Ila ukichukua belihauzi chukua na uma wa klachi wake, na hakikisha starta inakaa. Sio kila giaboksi inafunguka hivyo, nyingine kofia na bodi ni kitu kimoja.

Sasa fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi: oto ikishatoka, weka karatasi gumu la boksi mgongoni mwa injini, gonga taratibu na nyundo ndogo mpaka matundu yote yatoke alama, na zile pini mbili za kuelekeza usizisahau, toboa, nenda nalo kwa wauza spea wa Gerezani au Ilala. Usichore uso wa oto, chora injini, maana oto si lazima itumie matundu yote. Muuzaji akikukatalia kupima, ondoka.

Na ukiwa hapo hapo nyuma ya krenki, angalia kile kitundu cha katikati. Gari ya oto mara nyingi hakina ile beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Ni ya bei ndogo lakini ukiisahau shafti inacheza, klachi inaliwa, na kuiweka baadae ni kushusha kila kitu upya. Hesabu pia meno ya shafti yalingane na ya klachi pleti.

R154, giaboksi nyingine ya manyuo ya Toyota, achana nayo kwa 1G. Ile ilifungwa kwenye 1JZ-GTE ya tabo, ni nzito na bei yake utanunua W58 na klachi nzima chenji ikabaki.

Hatua ya 3: ikague mkononi
Ingiza gia zote, zungusha shafti, sikiliza. Mwaga oili kidogo kiganjani: vumbi la rangi ya dhahabu ni la kawaida, vipande vya chuma vinavyochoma kidole rudisha.

Hatua ya 4: nunua seti
Mimi sinunui giaboksi tupu. Flaiwili na bolti zake (za oto usizitumie), presha pleti, pedeli, masta ya klachi ya juu na ya chini, mkono wa gia, mountingi, vyote vitoke gari moja. Klachi pleti na rilizi beringi nunua mpya.

Hatua ya 5: propela na umeme
Funga giaboksi kwanza ndo upime propela, ile shafti ndefu inayokwenda nyuma, ikipungua au kuzidi peleka kwa fundi wa lethi akate na abalansi, usikubali ichomelewe tu chini ya mwembe. Gari ikigoma kupiga starta usihangaike na betri, ni waya wa switi ya P na N ya oto, ile inayoruhusu starta gia ikiwa P au N tu, sisi tuliupitisha kwenye switi ya pedeli ya klachi badala ya kuuunganisha moja kwa moja, maana ukiunganisha hivyo gari inawaka ikiwa kwenye gia na inaruka, na nyumba ya mdogo wangu ina watoto wanaocheza mbele ya gari.